Mafunzo ya malezi yanapimwa kwenye ratiba ya zamu

Ukitaka kujua kama mafunzo ya mfungamano wa mtoto na mlezi yaliyofanyika hapa Tanga yalizaa chochote, usiombe ripoti. Nenda kwenye makao ya watoto yaliyopeleka watumishi wake, ingia ofisini, tazama karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani. Kama miezi 3 baada ya semina mtoto wa mwaka mmoja bado anapita kwenye mikono ya walezi 9 kwa wiki, basi ile semina ilikuwa chai na sambusa.

Vurugu inaanzia kwenye jina. Neno la Kiingereza ni "attachment". Ukiiachia programu ya tafsiri ya simu itakupa "kiambatisho", na slaidi ikasomeka kana kwamba mtoto ni faili lililotumwa kwa barua pepe. Wengine husema "mazoea", wengine "upendo", na yote mawili yanapotosha. Mimi natumia "mfungamano", lakini neno lenye kazi zaidi darasani liko mtaani tayari: kuganda. Mtoto kamganda bibi yake, hashuki. Hakuna muuguzi wala mlezi asiyeijua hali hiyo.

Sasa wewe mkufunzi, wafundishe washiriki kutenganisha vitu viwili. Kuganda ni tendo: kulia, kufuata, kunyoosha mikono, kung'ang'ania kanga. Mfungamano ndio unaolizaa tendo hilo. Mtoto ameshajifunza, kwa siku nyingi za kulia na kupokewa, nani wa kumkimbilia akiogopa. Tendo huja na kuondoka. Mtoto aliyeshiba na aliyezungukwa na watu wake hamgandi mtu yeyote, yuko chini anachezea kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana kupima mfungamano kwa ukubwa wa kilio mama anapoondoka ni kosa, na ndilo kosa la kwanza la karibu kila darasa. Kinachosema zaidi ni pale mama anaporudi. Mtoto anamfuata? Anatulia mikononi? Akishatulia, anarudi kwenye kifuniko chake?

Elimu hii ina mizizi jirani na kwetu kuliko wengi wanavyodhani. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliiandikia WHO ripoti yake kuhusu malezi ya mama na afya ya akili mwaka 1951. Lakini aliyekwenda kukaa na kutazama watoto majumbani mwao ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na alianzia Uganda, miaka ya 1954 na 1955, kwenye familia 26 za Waganda karibu na Kampala. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, ndipo alipotengeneza lile zoezi la chumba kigeni: vipindi 8 ndani ya dakika kama 20, vingi vyao vya dakika 3, mama akitoka na kurudi mara mbili, mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 12 na 18. Hapo ndipo yalipotoka makundi matatu ya mwanzo, wenye mfungamano salama, wanaokwepa na wasiotulizika. Kundi la nne, la waliovurugika, liliongezwa na watafiti Mary Main na Judith Solomon miaka ya 1980.

Wakufunzi wengi hupenda sana makundi hayo kwa sababu yanaingia vizuri kwenye jedwali. Tahadhari. Anayeruhusiwa kuyapanga kitaalamu husoma wiki nzima au zaidi akitazama video tu, kisha hufanya mtihani wa kuona kama macho yake yanakubaliana na ya wataalamu wengine. Mtu aliyehudhuria siku 5 pale mjini hana ruhusa ya kuandika kwenye faili la mtoto wa Makorora kwamba "amevurugika". Neno hilo likishaingia kwenye faili halitoki. Mtoto atahamishwa nalo kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Badala ya kufundisha makundi, fundisha jicho. Na hapa kliniki ya mama na mtoto inatupa nafasi ambayo chumba cha semina hakina: sindano. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akifikisha miezi 9, na ya pili akifikisha miezi 18. Umri huo ni mzuri kwa kazi hii, maana kuchagua mtu maalumu wa kumkimbilia huanza kuonekana wazi kuanzia miezi 7 hivi. Omba ruhusa kwa muuguzi wa zamu na kwa mama mwenyewe. Washiriki wakae wawili wawili kwenye benchi la pembeni, kila mmoja na daftari lake, bila kunong'onezana. Dakika 1 kabla ya sindano, dakika 3 baada yake. Saa iwe ya mkononi, si simu, kwa sababu simu ikishatoka mfukoni mama anadhani anapigwa picha.

Daftari liwe na safu mbili. Kushoto kile macho yalichoona na masikio yalichosikia, kulia dhana, na kila dhana iishie na alama ya kuuliza. Safu nzuri ya kushoto husomeka hivi: "Sindano imetoka. Mtoto kakaza mgongo, mdomo wazi, sauti bado. Sauti imetoka. Mama kamgeuza kifuani, kiganja kisogoni, 'pole baba, pole, kashaondoka'. Sekunde 40, kilio kimekatika, imebaki kwikwi. Dakika 1 na nusu, kainua kichwa, anatazama feni."

Hiyo feni ndiyo habari yenyewe. Mtoto aliyetulizwa kweli hurudi kutazama dunia. Aliyenyamazishwa tu kwa nyonyo au kwa ukali huenda akanyamaza huku mwili bado mgumu na macho hayaendi popote. Mshiriki asiyefundishwa huandika "mama anampenda mtoto wake", na hajaandika kitu. Mwingine huandika "mama hajali, yuko kwenye simu", kumbe mama anamwambia mumewe kwamba chanjo imeshapita. Baada ya wiki 6, asubuhi moja kila wiki, safu ya kushoto huwa imenenepa na ya kulia imekonda, na mkufunzi huiona tofauti hiyo bila mtihani. Kwa mtoto yuleyule hudhurio moja halitoshi. Anaweza kuwa na homa, njaa au usingizi. Tazama mara 3, siku tofauti, kabla ya kusema lolote kwa mtu yeyote.

Jambo jingine ambalo vitabu vya nje hulipitia juujuu ni wingi wa mikono. Mtoto wa Ngamiani analelewa na mama, bibi, mama mdogo, dada wa miaka 11, na shangazi wa nyumba ya pili. Huko si kukosa mfungamano. Mtoto anaweza kuwa nao kwa watu kadhaa, ila huwa anawapanga. Usihesabu watu wa nyumba, uliza swali moja: "Akiamka usiku anaumwa, anamwita nani?" Jibu likija haraka, yuko mtu. Familia ikianza kutazamana, uliza tena kwa upole. Na ukikuta jibu ni bibi, usimsahihishe mtoto wala usimhuzunishe mama. Mkaribishe bibi kwenye mazungumzo, mpe kiti, mwamkie ipasavyo, maana ndiye unayefanya naye kazi.

Tuje kwenye ubongo, ambako semina nyingi hupotelea. Mfano wa ngumi, uliosambazwa na Daniel Siegel, daktari wa akili wa Marekani, unafaa kwa dakika 2. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, fumba vidole vinne juu yake. Kifundo cha mkono ni uti wa mgongo, na kiganja ni shina la ubongo, lenye kuongoza pumzi na mapigo ya moyo. Kidole gumba ni sehemu za hofu na kumbukumbu, amigdala na hipokampasi. Vidole vya juu ni gamba la ubongo, na ncha zake zinakaa mahali pa ile sehemu ya nyuma ya paji la uso, ambayo hupanga, husubiri na hujizuia, nayo haikomai kikamilifu mpaka mtu avuke miaka 20. Vidole vikifunuka, gumba limebaki wazi: hapo mtu kapandisha hasira na maneno hayaingii. Mama anaelewa papo hapo. Lakini ishia hapo. Ile hadithi ya ubongo wa mjusi chini, wa mnyama katikati na wa binadamu juu ilitoka kwa mtafiti wa ubongo Paul MacLean, na wataalamu wa mageuzi ya ubongo wameshaiacha. Ngumi ni mfano, si anatomia.

Kinachofaa kufundishwa kwa undani ni njia ya mshtuko, kwa sababu inabadilisha kazi ya siku hiyohiyo. Hofu ikiingia, adrenalini hupanda ndani ya sekunde. Njia ya pili ni ya polepole: hipothalamasi hutuma ujumbe kwenye tezi ya pituitari, nayo kwenye tezi zilizo juu ya figo, kotisoli ikamwagika na kufikia kilele dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza. Kwa afisa ustawi wa jamii maana yake ni hii: mtoto aliyeletwa sasa hivi akitetemeka usimhoji sasa hivi. Maji, kiti, mtu anayemjua karibu yake, na nusu saa. Isipokuwa alibakwa au inashukiwa hivyo. Hapo hospitali kwanza, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri inavyokuwa mapema ndivyo bora. Maswali marefu yatangoja.

Mtu mzima hujituliza kwanza. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara 5. Haizidi dakika moja. Pumzi ikitoka, moyo hupunguza mwendo, na huo ndio ufundi wote. Kisha shuka mpaka macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto, punguza sauti, sema maneno machache. Kosa la kawaida ni kumwambia mtoto "tulia!" kwa sauti ambayo yenyewe haijatulia. Zipo nadharia kubwa za neva ya vagasi, ile ndefu itokayo kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, zinazouzwa pamoja na zoezi hili; wanasayansi bado wanabishana juu yake, na zoezi linafanya kazi bila nadharia. Fundisha zoezi.

Na ile picha ya bongo mbili, mmoja mkubwa na mmoja uliosinyaa, naomba iondoke kwenye slaidi. Inahusu kutelekezwa kwa kupindukia, si mama anayeuza samaki Deep Sea na kurudi jioni. Ikionyeshwa bila maelezo, akina mama hutoka wamebeba hatia na hawarudi wiki ya pili. Wape badala yake jambo ambalo mwanasaikolojia Edward Tronick alilionyesha kwa video za mama na mtoto: hata jozi zenye uhusiano mzuri hukosana sehemu kubwa ya muda wao, na huwa sawia kama theluthi tu. Kinachojenga ni kurudiana baada ya kukosana. Habari hiyo humrudishia mama pumzi.

Vilevile wapo wanaosema mlango hufungwa mtoto akitimiza miaka 3. Hapana. Utafiti wa Bucharest, Romania, ulichukua watoto 136 wa kati ya miezi 6 na 31 waliokuwa kwenye taasisi, nusu wakapelekwa kwa bahati nasibu kwenye familia za malezi. Waliopelekwa kabla ya kufikisha miaka 2 walifaidika zaidi katika mfungamano, na hilo ni sababu ya kufanya haraka. Si sababu ya kumkatia tamaa mtoto wa miaka 5.

Mama mwenyewe asisahaulike. Mtoto asiyepokewa huenda ana mama mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ya mama inatibika kwa urahisi zaidi kuliko chochote kingine nilichokitaja hapa. Tumia maswali 9 ya PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, yaliyotafsiriwa, yanayouliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Jumla ni kati ya 0 na 27, na 10 kwenda juu inahitaji kufuatiliwa. Usianze na neno sonona. Anza na "moyo mzito", "mawazo mengi", "roho imechoka". Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, washiriki hulipenda kuliruka. Wanaogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo. Hakumpi. Kunampa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asiondoke peke yake: anasindikizwa siku hiyo, na kwa hapa mjini ni hospitali ya Bombo. Kwa mwanamke ambaye hali yake inamruhusu kubaki nyumbani, mazungumzo yaliyopangwa yanasaidia hata yakiongozwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Pakistan, kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2008, akina mama waliotembelewa hivyo walibaki na sonona kwa asilimia 23 mtoto alipofikisha miezi 6, huku wenzao wa kundi la kulinganisha wakiwa asilimia 53.

Kwa watoto waliofiwa au waliopatwa na makubwa, mfano mzuri uko Moshi, ambako matibabu ya kitabia na kifikra yanayolenga kiwewe yalijaribiwa kwa yatima. Walioyaendesha walikuwa washauri wasio madaktari wala wanasaikolojia, wakisimamiwa kwa karibu: vikao 12 vya kikundi, na vichache vya mtoto mmoja mmoja. Mpangilio wake ni nusu ya dawa. Kwanza maelezo, kisha kujituliza, kisha kutaja hisia, kisha fikra, na masimulizi ya lililotokea huja katikati ya safari, mtoto akiwa na mlezi anayejua nini kinakuja. Semina fupi hugeuza mpangilio: siku ya kwanza mtoto anaambiwa aeleze yote mbele ya watu, analia, watu wazima wanasema "ametoa". Usiku huo halali.

Na kama mkufunzi anafundisha kumkandamiza mtoto, kumlalia au kumlazimisha kutazama macho ili "mfungamano uamke", toka chumbani. Huko Colorado, Marekani, binti wa miaka 10 alikufa mwaka 2000 akiwa amefungwa ndani ya mashuka kwenye kikao cha namna hiyo, na jimbo likakipiga marufuku mwaka uliofuata. Sisi nasi tuna ya kwetu, kumpiga mtoto ili pepo atoke. Familia ikiwa imekwenda kwa mganga usianze ugomvi. Uliza tu kama mtoto anapigwa, ananyimwa chakula au anafukizwa, na hayo yakiwepo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa. Namba 116, ya simu ya huduma kwa mtoto, inapokelewa bure.

Narudi kwenye zamu. Petersburg, Urusi, ulifanyika ulinganisho ambao kila mfadhili wa semina angeusoma kwanza. Kituo kimoja kilipewa mafunzo pamoja na mabadiliko ya mpangilio: vikundi vikapunguzwa kutoka watoto kama 12 hadi kama 6, walezi wakuu wakabaki walewale, watoto wakaacha kuhamishwahamishwa. Cha pili kilipewa mafunzo peke yake. Cha tatu kiliachwa kama kilivyo. Cha kwanza kiliwapita wenzake kwa mbali.

Kwa makao ya watoto ya mwambao huu maana yake ni kukaa na meneja na karatasi ya zamu siku ya tatu ya mafunzo, si baada yake. Kila mtoto wa chini ya miaka 3 awe na jina moja la mlezi mkuu na moja la akiba. Mlezi mkuu amwogeshe, amlishe na amlaze kwenye zamu zake, na asiwe na zaidi ya watoto 4 au 5. Mtoto asihamishwe chumba kwa sababu ametimiza umri fulani. Mlezi akiacha kazi aage, kwa wiki moja, kwa maneno ambayo mtoto anayaelewa. Meneja atasema watu hawatoshi. Mara nyingi wanatosha; wamepangwa kwa kazi, mmoja jikoni, mmoja kufua, mmoja kuogesha wote 20, badala ya kupangwa kwa watoto.

Halafu wale wageni wa kujitolea wa wiki 2 wanaorukiwa shingoni na watoto tangu getini. Mtoto wa miaka 4 anayemrukia asiyemjua na yuko tayari kuondoka naye si mchangamfu tu. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kukosa mtu wake, na kila mgeni anayekuja kubeba na kuondoka anaweza kuiongeza. Wageni wasaidie kupaka rangi, kufyeka, kununua mkaa. Kulisha na kubeba ni kwa walezi.

Baada ya siku 5 za darasani unaanza usimamizi, ambao ndio huondolewa kwanza bajeti ikipunguzwa. Saa 1 kila wiki 2, watu 5, miezi 6. Kila mmoja kwa zamu analeta video ya dakika 3 ya mlezi na mtoto, iliyochukuliwa kwa simu ya taasisi na kufutwa baada ya kikao. Isipite kwenye kundi la WhatsApp hata mara moja. Kikundi kinatafuta sekunde ambazo mlezi alifanya vizuri, na hizo ndizo mlezi anazoonyeshwa kwanza.

Mwezi wa sita mkufunzi arudi bila taarifa, saa 3 usiku. Asome ratiba ukutani, achague mtoto mmoja, amuulize mlezi wa zamu: "Huyu akiamka analia, anamwita nani?" Jina litakalotajwa lilinganishwe na lililo kwenye karatasi. Vyeti navyo vitolewe hapo, si siku ya tano ya semina pamoja na posho.